Sura ya Sita: Kutafuta Homoni ya Asili

Miongoni mwa maradhi yanayomwandama mwanamke tangu ubinti wake hadi hedhi inapokoma, hapana mengi yaliyodharauliwa kama haya ambayo matabibu huyaita endometriosisi, na ambayo watu wetu wa pwani na wa bara, muda mrefu kabla ya jina hilo kufika masikioni mwao, waliyahesabu pamoja na maumivu mengine ya uzazi wakayaita yote chango. Mwenye maradhi haya huumwa kabla ya damu kushuka, huumwa inaposhuka, na aghalabu huumwa hata ikishakoma. Huumwa akienda haja, huumwa akikutana na mumewe, jambo ambalo haya humzuia asilitaje hata kwa mama yake mzazi. Na ikipita miaka kadhaa ya ndoa bila ya mtoto, hapo ndipo watu huanza kumwangalia, si kwa kuyahurumia maumivu yake, bali kwa kumnong'onea utasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani takriban mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, wanaishi na maradhi haya, na dawa ya kuyaondoa moja kwa moja haijapatikana hata sasa.

Madhali dawa ya kuyaondoa hakuna, na madhali zile za kuyatuliza nyingi ni homoni zilizotengenezwa viwandani, si ajabu mwanamke aliyechoshwa na vidonge na sindano kuuliza kama hapana njia nyingine iliyo karibu zaidi na maumbile yake, itakayompa mwili kile unachokikosa bila ya kumletea unene, huzuni na damu isiyojua majira. Swali hilo ni la haki. Nakusudia kulijibu bila ya kumkaripia anayeliuliza na bila ya kumdanganya, kwani ndizo njia mbili anazozoea kujibiwa: daktari humkaripia, na muuza dawa humdanganya.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Ngozi laini inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi, ambayo kila mwezi hunenepa kwa kungojea mimba, na mimba isipotungwa hubanduka ikatoka pamoja na damu, katika mwanamke mwenye endometriosisi huwa imeota mfano wake mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mfuko karibu na utumbo mkubwa, juu ya kibofu, katika utando wa tumbo, na mara chache hata kifuani. Tabibu anayeingiza kamera nyembamba kupitia kitovu huona vidoa, vingine vyeusi kama alama za baruti, vingine vyekundu, vingine havina rangi hata jicho lisilozoea huvipita. Huona makovu yaliyoufunga utumbo kwenye mfuko wa uzazi. Na akipasua uvimbe wa ovari humwagika damu ya zamani, nzito, ya rangi ya chokoleti. John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York, aliueleza uvimbe huo mwaka 1921, na mwaka 1927 akatoa hoja kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ikapanda chembe za ngozi hiyo tumboni. Hoja yake ingali na nguvu, ijapokuwa imedhihirika baadaye kwamba wanawake walio wengi hurudisha damu kwa namna hiyo wala wasiugue, hata ikawalazimu wataalamu watafute sababu za ziada katika urithi na katika kinga ya mwili.

Lililo muhimu kwa sura hii ni chakula cha vidoa hivyo. Vidoa hulishwa na estrojeni, homoni inayokuza ngozi ya mfuko katika nusu ya kwanza ya mwezi. Tena, mbali na ile inayotoka katika ovari, vina uwezo wa kujitengenezea estrojeni yao wenyewe papo hapo vilipo. Homoni ya pili, projesteroni, ambayo kazi yake ni kuizuia ile ya kwanza na kuituliza ngozi, haisikiki ipasavyo katika vidoa hivi, kwa kuwa vipokezi vyake humo vimepungua na kuharibika. Msomaji na alishike neno hili, kwani ndilo linalobainisha mengi: mwanamke huyu huambiwa na wauzaji kwamba mwili wake una upungufu wa projesteroni, na kwamba akiijaza atapona, ilhali aghalabu damu yake ina projesteroni kama ya mwanamke mwingine yeyote, na tatizo liko katika vidoa visivyoitii.

Msichana wa kwetu akijikunja kitandani kwa tumbo, nyanya yake humkanda mgongo kwa kitambaa cha moto, akamwambia, "Stahamili, mjukuu wangu, chango hili litakwisha ukishazaa." Si maneno ya ujinga. Katika miaka ya 1940 Joe Meigs, tabibu mashuhuri wa Boston, aliwahimiza wanawake wa Marekani waolewe na kuzaa mapema kwa sababu hiyo hiyo, na katika miaka ya 1950 Robert Kistner, wa mji huo huo, akaona kwamba kama mimba huleta nafuu, basi inawezekana kumpa mwanamke vidonge vya homoni mfululizo, hedhi ikakoma kwa miezi kadhaa, mwili ukawa kama uliobeba mimba ilhali haukubeba. Na kutoka katika fikira hiyo yamezaliwa mengi ya matibabu yanayotumika leo. Lakini nafuu ya mimba ni ya muda. Wako wanaoipata na wako wasioipata kabisa, na wengi walioipata hurudiwa na maumivu mara hedhi inapoanza tena baada ya kunyonyesha. Kwa hiyo kumwoza binti ili apone chango ni kumdhulumu mara mbili, kwanza kwa ndoa asiyoitaka, na pili kwa dawa isiyoponya.

Dhana ya Meigs iliacha dhara jingine. Kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa wanawake wenye nafasi waliochelewa kuzaa, ulienea uvumi katika vitabu vya utabibu kwamba maradhi haya ni ya wazungu wenye mali na kwamba mwanamke mweusi hayapati. Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, aliubatilisha uvumi huo mwaka 1976 alipowachunguza kwa kamera wagonjwa wake weusi, akakuta takriban mmoja katika kila watano ana endometriosisi, na wengi wao walikuwa wakitibiwa kwa madai kwamba wana maambukizi ya via vya uzazi. Hayo yalikuwa ya Chicago. Lakini nani katika Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura asiyemjua dada aliyeambiwa ana PID, yaani maambukizi hayo hayo ya via vya uzazi, akapewa viuavijasumu, akavirudia na kuvirudia, na maumivu yakabaki palepale?

Sasa nije kwenye homoni yenyewe, nami nitaisimulia kwa kituo, kwani asiyeijua asili yake hawezi kuyapima maneno ya wauzaji. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen, huko Rochester, walionyesha kwamba kitu kinachotoka katika kile kifuko cha manjano kinachosalia katika ovari baada ya yai kupevuka ndicho kinachoihifadhi mimba. Na mwaka 1934 Adolf Butenandt wa Ujerumani aliipata homoni yenyewe ikiwa safi, kwa kuzikamua ovari za nguruwe wapatao 50,000, ambazo zote kwa jumla zilimpa miligramu 20 tu. Kwa njia hiyo isingewezekana kamwe kumtibu mwanamke wa kawaida. Ndipo Russell Marker, mkemia wa Pennsylvania, mtu mkaidi na mwepesi wa kugombana, alipong'amua kwamba mimea fulani ya jamii ya viazi vikuu ina kitu kiitwacho diosijenini, ambacho umbo lake linaikaribia projesteroni, akavumbua namna ya kukikatakata hatua kwa hatua hata kikageuka kuwa homoni hiyo. Mwaka 1942 alisafiri hadi Meksiko kukitafuta kiazi kikubwa cha porini ambacho picha yake aliiona kitabuni. Akapanda basi katika jimbo la Veracruz, kati ya Orizaba na Córdoba, na mwenye duka mmoja wa njiani, ambaye hawakuelewana naye lugha, akamletea viazi viwili ndani ya magunia. Makampuni ya dawa ya Marekani yalikataa kuitia mali yao katika jambo hilo. Basi baadaye Marker akakusanya viazi vya kiasi cha tani 10, akavigeuza mwenyewe, akapata kilo zipatazo 3 za projesteroni wakati ambapo gramu moja iliuzwa dola 80. Na mwaka 1944 ikaundwa katika Mexico City kampuni iliyoitwa Syntex, ambayo yeye alitoka baada ya muda mfupi kwa ugomvi, lakini viazi vikabaki.

Katika maabara ya kampuni hiyo hiyo, tarehe 15 Oktoba 1951, kijana wa Kimeksiko, Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza norethisteroni, kidonge ambacho mpaka leo madaktari wanawaandikia wenye endometriosisi, na ambacho anayetafuta dawa ya asili hukikimbia akikiita kemikali. Krimu anayouziwa badala yake, ikiwa kweli ina projesteroni ndani yake, nayo imetoka katika kiazi cha namna hiyo au katika soya, ikapita katika viwanda vya namna hiyo hiyo. Baina ya hivyo viwili hakuna hata kimoja kilichochumwa mtini.

Tena kugeuza kiazi kuwa homoni ni kazi ya moto na sumu: diosijenini huchemshwa pamoja na asidi kali ya jamii ya siki kwa joto la takriban nyuzi 200, ikaunguzwa kwa kromu, ikaongezwa haidrojeni, na bado hatua nyingine hufuata. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya hata kimoja cha kuifanya kazi hiyo. Mwanamke akila kiazi, akikisaga akakinywa, au akijipaka mafuta yake tumboni, diosijenini huingia ikiwa diosijenini, wala haigeuki kuwa projesteroni. Mwaka 2001 watafiti wa Australia walitangaza habari za wanawake 23 waliokoma hedhi, ambao walipaka krimu ya kiazi cha porini kwa miezi mitatu na krimu tupu kwa miezi mitatu mingine. Dalili zao hazikutofautiana, wala projesteroni katika damu zao haikuongezeka. Nayasema haya kwa kuwa hata jikoni mwetu diosijenini tunayo: imo katika uwatu, ambao wakunga wa pwani humpikia mzazi ili maziwa yashuke. Uwatu ni chakula chema, na anayeupenda aule. Asiutegemee kuwa ni projesteroni.

Habari za krimu zilienea hasa katika miaka ya 1990 kwa juhudi za John Lee, daktari wa California, aliyefundisha kwamba maradhi mengi ya wanawake yanatokana na estrojeni kuizidi nguvu projesteroni, na kwamba krimu ya projesteroni ikipakwa kwenye ngozi laini ya mwili kwa sehemu kubwa ya mwezi itarudisha mizani. Alikuwa mtu wa huruma, aliwasikiliza wanawake ambao wenzake hawakuwasikiliza, na naamini ndiyo sababu maneno yake yalipokewa kwa shukrani kubwa. Lakini huruma si ithibati. Projesteroni hupita katika ngozi kwa uchache na kwa namna isiyotabirika, na hapana jaribio la kutegemewa lililoonyesha kwamba krimu hizo huvipunguza vidoa vya endometriosisi au huyaondoa maumivu yake. Chukua kopo la krimu ya namna hiyo mkononi, uligeuze, usome maandishi madogo ya nyuma: mengine yametaja projesteroni na kiasi chake kwa miligramu, mengine yametaja utomvu wa kiazi tu, ijapokuwa mbele pameandikwa homoni kwa herufi kubwa, na mengine hayakutaja kitu ila manukato na mafuta. La kwanza ni dawa, na dawa yataka daktari. La pili na la tatu ni mafuta ya kujipaka yaliyouzwa kwa bei ya dawa.

Iko projesteroni halisi ya kumeza, sawa kabisa na ile ya mwili, iliyosagwa laini mno na kuchanganywa na mafuta ndani ya kidonge laini, ambayo ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1980 na kukubaliwa Marekani mwaka 1998. Ni dawa nzuri kwa mambo yake, hasa kuushikilia mfuko baada ya mimba kupandikizwa kwa msaada wa matabibu, na kuulinda kwa wanawake wanaotumia estrojeni baada ya hedhi kukoma. Ikimezwa, ini huivunjavunja nyingi yake, na mabaki yake huleta usingizi; na kwa endometriosisi ushahidi wake ni mchache kuliko ule wa ndugu zake waliobadilishwa. Ndugu hao walibadilishwa kwa makusudi, ili wastahimili ini na wadumu katika damu muda mrefu zaidi. Norethisteroni nimekwisha kuitaja. Dienojesti imechunguzwa hasa kwa maradhi haya. Na daidrojesteroni, ambayo maduka yetu ya dawa huiuza kwa jina la Duphaston, umbo lake linakaribia mno lile la maumbile, hata anayeogopa dawa zilizo mbali na mwili anaweza kumuuliza daktari wake habari zake. Ile sindano ya miezi mitatu inayojulikana katika kila zahanati kuwa ni ya uzazi wa mpango, nayo huyatuliza maumivu haya kwa wengi. Ila tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba ikitumika miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa, na mwanamke ana haki ya kuambiwa hivyo kabla sindano haijaingia, kama alivyo na haki ya kuambiwa kwamba dawa yoyote kati ya hizi yaweza kumletea matone ya damu, maumivu ya kichwa au moyo mzito, na kwamba isipomfaa atabadilishiwa nyingine.

Jambo moja zaidi, ambalo likifichwa huvunja nyumba. Dawa za homoni hutuliza maumivu. Hazimpi mimba aliyeikosa. Nyingi huzuia yai lisipevuke muda wote zinapotumika, na mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na ESHRE, chama cha matabibu wa uzazi cha Ulaya, unasema wazi kwamba zisiandikwe kwa nia ya kuongeza uwezo wa kushika mimba. Mwanamke anayetafuta mtoto, na akauziwa krimu au mchanganyiko wa mitishamba kwa ahadi ya kusafisha kizazi, hupoteza pamoja na fedha zake miaka ambayo hairudi. Heri aonane mapema na daktari wa magonjwa ya wanawake, ambaye atapima kama upasuaji wa kamera au njia nyingine yamfaa. Mwongozo huo huo umelegeza sharti la zamani, kwamba lazima tumbo lipasuliwe kwanza ndipo maradhi yatambuliwe: daktari anaweza kuanza tiba kwa kuzitegemea dalili na picha. Kwa nchi zetu, ambako hospitali zenye kamera hizo ni chache na ghali, rukhsa hiyo ni neema.

Je, vya asili havina nafasi kabisa? Vinayo, kila kimoja kwa kadiri yake. Majaribio kadhaa, ijapokuwa madogo, yameonyesha kwamba tangawizi hupunguza maumivu ya kawaida ya hedhi. Chupa ya maji ya moto tumboni ina faida isiyopingwa, na nyanya zetu hawakukosea kwa kile kitambaa. Kutembea na mazoezi mepesi huwasaidia wengi. Hayo yote yaende pamoja na tiba, yasishike mahali pake. Ninachokihadhari ni michanganyiko ya chupa isiyoandikwa kilichomo, ambayo huweza kulidhuru ini na kugombana na dawa nyingine, na ambayo muuzaji wake hatapatikana siku madhara yatakapotokea.

Afrika Mashariki haijakosa wanawake walioinua sauti. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alisimama hadharani akaeleza maumivu, upasuaji mwingi na kutopata mtoto kwa miaka, wakati ambapo mwanamke wa hadhi yake alitarajiwa kunyamaza. Mwaka 2017 alijaaliwa mtoto wa kiume. Njambi Koikai wa Kenya, mtangazaji aliyependwa na vijana wa reggae, alikuwa na endometriosisi iliyofika kifuani, ikawa mapafu yake yanaporomoka mara kwa mara. Alitibiwa Marekani, akarudi akawatetea wenzake, na alifariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 38. Baada ya ushahidi wa wanawake hawa, daktari anayemwambia msichana kwamba kila mwanamke huumwa hana udhuru tena.

Basi wewe mama, na wewe baba pia, mwenye binti anayekosa shule kila mwezi kwa tumbo: usimpe chupa ya mtaani na usimpe subira peke yake. Muandikie katika daftari siku anazoumwa, mahali panapouma, na kama anaumwa akienda haja. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake na daftari lake mkononi. Na daktari asipolitaja jina la endometriosisi, litaje wewe, uulize kwa adabu kwa nini isiwe hiyo.